Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya Muungano: Mahakama ya ibara ya 125 ipewe mlango

Kwa:
Waziri wa Katiba na Sheria wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania
Mwanasheria Mkuu wa Serikali
Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar
Spika wa Bunge
Spika wa Baraza la Wawakilishi

YAH: MIPAKA YA MAHAKAMA MAALUM YA KATIBA

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu mahakama iliyomo ndani ya Katiba yetu lakini haina jengo, haina jaji, haina karani wala muhuri. Ibara ya 125 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inaitaja kwa jina: Mahakama Maalum ya Katiba. Ibara ya 126 inaipa kazi, tena inasema ndiyo kazi yake pekee, nayo ni kusikiliza shauri na kutoa uamuzi wa usuluhishi pale ambapo Serikali ya Jamhuri ya Muungano na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar zinabishania tafsiri ya Katiba au utekelezaji wake. Uamuzi ukishatoka ni wa mwisho, hakuna kukata rufaa popote. Na tangu iandikwe mpaka leo, mahakama hiyo haijaketi hata siku moja.

Nimefundisha somo la uraia kwa miaka mingi. Kila nilipofika kwenye mada ya mihimili ya dola nilichora ngazi ya mahakama ubaoni: ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi, Mahakama Kuu ya Jamhuri, Mahakama Kuu ya Zanzibar, kisha Rufani juu yake. Hii moja ilinishinda pa kuiweka. Haiwezi kukaa juu ya Mahakama ya Rufani, kwa sababu ibara ya 126 inaizuia kuchunguza au kubadili maamuzi ya mahakama hiyo. Haiwezi kukaa chini yake, kwa sababu ibara ya 117 inaizuia Mahakama ya Rufani kugusa ubishi wa aina hiyo kati ya Serikali mbili. Basi nilikuwa naichora pembeni, duara peke yake kama kisiwa, bila mshale wa kuingia wala wa kutoka. Wanafunzi walitaka kujua kesi yake ya kwanza ilikuwa ipi. Ilinibidi niwaambie kwamba haijawahi kuwapo.

Nitangulize msimamo wangu, nisije nikasomwa vibaya. Siombi mahakama hii iongezewe makali. Naamini mahakama inayoamua ugomvi wa serikali na serikali inapaswa kubanwa, na kubanwa sana. Ninachokilalamikia ni kwamba sisi tumeibana mahali pasipo pake.

Kila nchi iliyogawa madaraka kati ya serikali zaidi ya moja imelazimika kujibu swali hili: zikigombana, zianzie wapi? Haileti heshima wala usalama ugomvi wa namna hiyo uanzie kwa hakimu wa wilaya ambaye ameajiriwa na upande mmojawapo. Ndiyo sababu mahakama ya juu kabisa, ambayo siku zote hupokea kesi zilizokwisha kupita mikononi mwa wengine, huachiwa mlango mdogo wa kupokea kesi mbichi. Wanasheria huuita mlango huo mamlaka ya awali. Hufanywa mdogo kwa makusudi. Majaji wa rufaa hawakuzoea kupanga mashahidi na kupima vielelezo, na juu yao hakuna wa kurekebisha kosa lao. Isitoshe, mwanasiasa aliyeshindwa kwenye kura siku zote atatamani kujaribu bahati yake kwa jaji.

Wamarekani walilionja hilo mapema. Katiba yao iliorodhesha kesi chache zinazoanzia Mahakama ya Juu: zinazohusu mabalozi na wawakilishi wa nchi za nje, na zile ambazo jimbo ni mdaawa, yaani mshitaki au mshitakiwa. Mwaka 1803, katika shauri la Marbury dhidi ya Madison, mahakama hiyo ilisema hata Bunge la Marekani haliwezi kuirefusha orodha hiyo kwa sheria ya kawaida. Mahakama ilijikatalia yenyewe mamlaka iliyokuwa imepewa. Na mlango huo mdogo bado unachosha. Shauri la Arizona dhidi ya California, lililohusu maji ya mto Colorado, lilifunguliwa mwaka 1952 na hukumu ikatoka 1963, na kazi ya kusikiliza ushahidi ilibidi akabidhiwe mtu maalum aliyeteuliwa na mahakama. Siku hizi majaji wale hukataa hata kuupokea ugomvi wa majimbo wanapoona haufai. Mwaka 2016 waliikataa kesi ya Nebraska na Oklahoma dhidi ya Colorado juu ya sheria ya bangi.

India nayo, katika ibara ya 131, iliruhusu kesi za serikali kwa serikali tu, ikaitoa nje mikataba iliyotangulia Katiba, na mabishano ya mito ikayapeleka kwenye mabaraza maalum kwa sheria ya mwaka 1956. Nigeria, katika kifungu cha 232, ilikataza mamlaka ya awali ya Mahakama ya Juu kugusa jinai.

Naomba mtazame mipaka hiyo imewekwa wapi. Yote inahusu kesi gani iingie na ipi ibaki nje. Hakuna hata mmoja unaoacha shaka kama siku kesi ikifika mahakama yenyewe itakuwapo.

Ya kwetu ndiyo imefungwa hapo. Ibara ya 127 inasema nusu ya wajumbe watateuliwa na Serikali ya Muungano na nusu na Serikali ya Mapinduzi. Wanateuliwa ugomvi ukishazuka, na ujumbe wao unakoma ugomvi ukiamuliwa. Maana yake wadaawa wanachagua majaji wa kesi yao wenyewe, hasira zikiwa bado zinachemka. Wahenga walisema kesi ya ngedere hakimu nyani. Hapa kila upande unakuja na nyani wake. Na kwa kuwa ibara ya 128 inataka wajumbe wote wawepo, upande usiotaka shauri lisikilizwe hauhitaji hoja ya kisheria. Unachelewa tu kuteua.

Tuseme wameteuliwa na wameketi. Ibara hiyohiyo ya 128 inataka uamuzi uungwe mkono na theluthi mbili ya wajumbe wa kutoka Tanzania Bara na theluthi mbili ya wajumbe wa kutoka Zanzibar. Chukueni mfano wa wajumbe sita, watatu kwa watatu. Wanne wakikubaliana na wawili wakikataa, mahali pengine popote hiyo ni hukumu. Kwetu, kama hao wanne ni watatu wa upande mmoja na mmoja wa upande mwingine, hakuna uamuzi. Hakuna mwenyekiti wa kukata shauri. Ugomvi unarudi ulikotoka, safari hii umeongezewa fedheha ya kushindikana mahakamani.

Silaumu nia ya waliouandika utaratibu huo. Katika sensa ya mwaka 2022 Tanzania ilikuwa na watu 61,741,120, na kati yao Wazanzibari walikuwa 1,889,773. Hakuna Mzanzibari mwenye akili timamu angekubali mahakama ya Muungano inayoamua kwa wingi wa vichwa tu. Usawa wa pande mbili ndio uliowezesha Hati ya Muungano kutiwa saini tarehe 22 Aprili 1964, na mimi nataka usawa huo ubaki. Lakini usawa wa kusikilizwa si sawa na usawa wa kuzuia. Tuliwapa wote wawili ufunguo wa kufunga, hatukumpa hata mmoja ufunguo wa kufungua.

Kuna jambo jingine ndani ya ibara hizo ambalo nilikuwa nalipita haraka darasani, na leo sitaki kulipita. Ibara ya 127 inasema wajumbe wa upande mmoja wanateuliwa na Serikali ya Jamhuri ya Muungano. Ibara ya 128 inapowahesabu kura, inawaita wajumbe kutoka Tanzania Bara. Ni watu walewale. Katika mstari mmoja ni wa Muungano, Zanzibar ikiwamo ndani yake, na katika mstari wa pili ni wa Bara. Hayo mabishano ya kofia mbili, ambayo Wazanzibari wamekuwa wakiyasema kwa miongo, mmeyaandika ndani ya Katiba bila kukusudia. Shauri likiwa, kwa mfano, juu ya mgawanyo wa mapato ya Muungano, wajumbe hao wanasimama wapi? Kwa niaba ya nchi nzima, au kwa niaba ya Bara dhidi ya Zanzibar? Kesi ya kwanza kabisa itakayofika hapo itakwama kwenye swali hilo kabla ya kufika kwenye hoja yake.

Mtu anaweza kusema: mbona tumeishi bila mahakama hiyo miaka yote? Tumeishi, ndiyo. Nani alilipa?

Mwaka 1984 Rais wa Zanzibar, Mzee Aboud Jumbe, alikuwa na hati iliyoandaliwa ili suala la Muungano lipelekwe mbele ya mahakama hii hii. Haikufika. Suala lilijadiliwa Dodoma mwezi Januari katika Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM, na Mzee Jumbe akaachia nyadhifa zake zote. Watu wa rika langu tunakumbuka maneno ya wakati ule, kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa. Sitaki kufufua mashitaka ya wakati ule, wala sisemi kila alichotaka kilikuwa sahihi. Inawezekana kabisa suala lake halikuwa la mahakama. Mimi binafsi naelekea kuamini kwamba idadi ya serikali katika Muungano haiamuliwi na majaji. Lakini mwenye kusema hivyo alipaswa kuwa mahakama yenyewe, kwa hukumu yenye sababu, iandikwe na isomwe. Badala yake jibu lilitoka kwenye kikao cha chama. Tangu siku hiyo kila kiongozi anajua yaliyompata mtu aliyeukaribia mlango ule.

Ukaja mwaka 1992. Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC. Hapo lilikuwapo swali safi la tafsiri, lile hasa ambalo ibara ya 126 iliandikiwa: mambo ya nje ni ya Muungano, je, upande mmoja waweza kujiunga na jumuiya ya kimataifa peke yake? Lilimalizwa kwa kamati ya Bunge na kwa shinikizo, na Agosti 1993 Zanzibar ikajitoa. Mwezi huohuo wabunge 55 wakasimama Bungeni kudai serikali ya Tanganyika. Hakuna sentensi hata moja ya kisheria iliyoachwa nyuma ambayo mtu angeweza kuishika mkononi na kusema, basi mpaka ni hapa.

Shauri linaloniuma zaidi ni la uhaini. Watu 18, viongozi na wanachama wa chama cha upinzani cha CUF, walishitakiwa Zanzibar kwa uhaini dhidi ya Serikali ya Mapinduzi. Swali la msingi lilikuwa la kikatiba kabisa: Zanzibar ni dola ambayo mtu anaweza kuifanyia uhaini, au dola ni Jamhuri ya Muungano peke yake? Novemba 2000, katika shauri la SMZ (Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar) dhidi ya Machano Khamis Ali na wenzake 17, Mahakama ya Rufani ilisema Zanzibar si dola, kwa hiyo uhaini dhidi ya serikali yake hauwezi kutendeka. Watu wale walikuwa wamekaa mahabusu zaidi ya miaka miwili. Swali ambalo Serikali mbili zingeweza kulipeleka mahali pake, kwa karatasi na mawakili, lilijibiwa migongoni mwa raia 18. Na kwa jinsi ninavyoisoma ibara ya 126, hata kama Mahakama Maalum ingekuwapo siku hiyo, wasingeweza kuifikia, kwa kuwa ubishi ulikuwa kati ya serikali na raia, si serikali na serikali.

Jibu la Mahakama ya Rufani nalo halikutuliza. Mwaka 2008 Waziri Mkuu wa wakati ule alisema Bungeni kwamba Zanzibar si nchi, visiwani kukawaka. Mwaka 2010 Baraza la Wawakilishi likapitisha marekebisho ya kumi ya Katiba ya Zanzibar, yanayosema Zanzibar ni nchi na ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Ibara ya 1 ya Katiba ya Muungano bado inasema Tanzania ni nchi moja. Katiba mbili, zote zinatumika, zote zinaapiwa na viongozi. Mwalimu akiulizwa darasani ipi ni ipi, atajibu kwa kuangalia dirishani.

Au chukueni mafuta na gesi. Katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba bado yamo kwenye orodha ya Mambo ya Muungano. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Petroli iliyoiachia Zanzibar isimamie ya kwake kwa sheria zake, na mwaka uliofuata Zanzibar ikatunga sheria yake. Nilifurahi, na sitaki mtu aibomoe. Lakini kama sheria ya kawaida inaweza kulitoa jambo kwenye usimamizi wa Muungano huku orodha ya Katiba ikibaki vilevile, basi sheria nyingine ya kawaida inaweza kulirudisha. Mwekezaji atakayechimba kisima atauliza hilo siku ya kwanza. Nani atamjibu?

Najua mtaniambia ipo Kamati ya Pamoja ya Serikali mbili ya kushughulikia masuala ya Muungano, iliyoanza mwaka 2006 na kuongozwa na Makamu wa Rais. Nimeifuatilia. Imefanya kazi, na Serikali imetangaza mara kadhaa kwamba hoja nyingi zilizoorodheshwa zimepatiwa ufumbuzi. Nawapongeza wote waliokesha mezani. Ila ufumbuzi wa kamati una tabia yake. Unategemea walioketi siku hiyo wanaelewanaje. Sababu zake hazichapishwi, kwa hiyo hoja ya kesho haiwezi kuegemea jibu la jana. Na lile lililo gumu kweli linazunguka tu kwenye ajenda. Akaunti ya Fedha ya Pamoja imeandikwa katika ibara ya 133 kwa lugha ya amri, Serikali itatunza akaunti, haikusema yaweza kutunza. Imekuwa kero ya kujadiliwa kwa miaka mingi wakati ilipaswa kuwa akaunti benki. Kama kungekuwa na mahali pa kupeleka neno hilo moja, "itatunza", lisingehitaji vikao vyote hivyo.

Kwa hiyo naomba nini?

Kwanza mahakama iwepo kabla ya ugomvi. Majina ya wajumbe yajulikane leo, wateuliwe kwa muhula maalum, wala wasisubiri kesi ndipo waitwe. Wawe watatu kwa watatu kama ilivyo roho ya Katiba, lakini hao sita wakutane wenyewe wamchague wa saba awe mwenyekiti. Wapo wanaopendekeza mwenyekiti atoke nchi nyingine ya Afrika Mashariki. Sikubaliani nao. Ugomvi wa nyumba hii una historia ndefu mno kwa mtu wa kuja kuisoma kwenye jalada. Uamuzi uwe wa wengi kati ya saba, kwa sharti moja: ndani ya hao wengi awemo angalau mmoja wa kila upande. Hapo hakuna upande unaoweza kumezwa, na hakuna upande unaoweza kuzuia kila kitu kwa kukunja mikono.

Pili, walioruhusiwa kubisha hodi waongezwe kidogo, kidogo tu. Leo ni Serikali mbili peke yake, na Serikali mbili zinaongozwa na chama kimoja tangu mwaka 1977. Zina kila sababu ya kumalizana kimyakimya. Bunge kwa azimio, na Baraza la Wawakilishi kwa azimio, waweze kupeleka swali. Na Mahakama Kuu zote mbili pamoja na ya Rufani, zikikutana na swali la namna hii ndani ya kesi ya mtu, ziisimamishe kesi hiyo na kulipeleka swali huko kwa jibu la haraka, ili asitokee tena raia wa kuozea mahabusu wakati dola zinatafuta tafsiri.

Hapo ninatofautiana na marafiki zangu wengi, wanaotaka kila mwananchi aweze kufungua shauri moja kwa moja. Naelewa hamu yao. Lakini mwananchi aliyevunjiwa haki anao mlango wa Mahakama Kuu kwa ibara ya 30, na akishindwa anayo Rufani. Tukiufungua mlango huu kwa kila mtu, mahakama ya wajumbe saba isiyo na rufaa juu yake itajaa kesi za kila mwenye kinyongo na Muungano, na kila hukumu itakuwa ya kwanza na ya mwisho. Kosa likitokea hapo hakuna wa kulirekebisha.

Mipaka mingine niliyo tayari kuitetea mbele ya yeyote ni hii. Isisikilize jinai. Isiamue ubishi wa ushahidi, pande zikubaliane kwanza juu ya yaliyotokea, zibishane juu ya maana ya Katiba tu. Isiseme kodi iwe kiasi gani, wala asilimia 4.5 ya misaada inayokwenda Zanzibar iongezwe au ipunguzwe. Iseme nani ana madaraka ya kupanga na kwa utaratibu upi. Na idadi ya serikali, ziwe moja, mbili au tatu, iandikwe wazi kwamba si kazi yake. Hilo ni la wananchi wenyewe kwa kura ya maoni.

Na pande zizungumze kwanza. Afrika Kusini wana kifungu cha 41 cha Katiba yao, kinachozitaka ngazi za serikali zijitahidi kwa kila njia kusuluhishana kabla ya kukimbilia mahakamani, na mahakama isiporidhika kwamba zimejitahidi inaweza kuzirudisha. Kamati ya Pamoja yetu inaifaa kazi hiyo vizuri kabisa. Ipewe miezi sita kwa kila hoja. Ikishindwa, mlango uwe wazi. Nina hakika kamati itafanya kazi kwa kasi nyingine ikijua kuna mtu nje ya chumba anayesubiri zamu yake.

Nimesikia hofu kwamba serikali kushitakiana ni kuuvunja Muungano. Tazameni Nigeria. Mwaka 2002 Mahakama yao ya Juu iliamua, kwa mamlaka ya awali, ugomvi mkali kati ya Shirikisho na majimbo juu ya mapato ya mafuta ya baharini. Majimbo ya pwani yalishindwa. Nchi haikuvunjika. Wanasiasa walirudi mezani, na mwaka 2004 ikatungwa sheria iliyowapa majimbo hayo sehemu ya kile walichokikosa mahakamani. Waliweza kupatana kwa sababu mstari ulikuwa umeshachorwa na kila mmoja alijua anatoa nini. Mwezi Mei 2024 Shirikisho liliyashitaki majimbo yote 36 juu ya fedha za serikali za mitaa, hukumu ikatolewa Julai, na Jumatatu iliyofuata magavana walikwenda kazini. Jirani zetu Kenya, mwaka 2019, Bunge la Taifa na Seneti zilipokwama juu ya mgawo wa fedha za kaunti, magavana waliomba ushauri wa Mahakama ya Juu na wakaupata Mei 2020.

Mabadiliko haya yanahitaji kugusa ibara za 125 hadi 128. Wanasheria wenu watawaambia ni theluthi mbili ya Wabunge wote, au theluthi mbili ya kila upande, kutegemea wanavyoisoma ibara ya 98. Nawasihi mchukue njia ngumu zaidi hata kama nyepesi inatosha kisheria, na muswada ujadiliwe kwanza na Baraza la Wawakilishi. Mahakama ya pande mbili isizaliwe kwa kura ya upande mmoja. Wala msingoje Katiba mpya. Tume ya Mabadiliko ya Katiba ilipendekeza Mahakama ya Juu, Katiba Inayopendekezwa ya mwaka 2014 nayo ikaiweka, na kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 2015 bado hatujaipiga. Ibara nne zinaweza kurekebishwa bila kusubiri mia mbili nyingine.

Naomba majibu ya maandishi, ya hadharani kama barua hii, kwa maswali matatu. Kama leo mchana Serikali mojawapo ingetaka kufungua shauri chini ya ibara ya 126, ingelipeleka ofisi gani? Wajumbe wanaoteuliwa na Serikali ya Muungano, kwa maoni yenu, ni wa Muungano au ni wa Bara? Na je, yupo kati yenu aliye tayari kuuwasilisha muswada wa marekebisho haya katika kikao kijacho cha Bunge? Kama hakuna, mniambie kwa nini.

Wasalaam,
Mwalimu mstaafu wa somo la uraia